Kawaida ya Nani?

Wahenga walisema kawaida ni kama sheria. Maabara ya hospitali inauchukua msemo huo neno kwa neno. Ukipimwa picha kamili ya damu, unapewa karatasi yenye namba za pande mbili: huku damu yako, kule mipaka ya kawaida. Ukiwa ndani ya mipaka, unaambiwa nenda nyumbani. Swali langu ni moja: kawaida hiyo ni ya nani?

Mipaka hutengenezwa hivi. Wanapimwa watu wengi wanaoonekana wazima, kisha katika kila 100 wanachukuliwa 95 wa katikati. Watano wa pembeni, hata kama hawana ugonjwa wowote, wanahesabiwa kuwa nje. Kwa umati, njia hiyo inafaa. Kwa mtu mmoja mwenye presha, inaweza kuficha jambo.

Mjomba wangu anaishi Makambako, pale barabara ya Njombe na Songea inapoachana na ile ya Dar es Salaam kwenda Mbeya. Ana presha ya miaka mingi. Mwaka 2018 himoglobini yake ilikuwa gramu 16.1 kwa desilita moja ya damu. Mwaka 2024, alipopimwa Njombe, ilikuwa 13.2. Kwa mwanaume, Shirika la Afya Duniani huhesabu upungufu wa damu kuanzia chini ya 13. Basi akaambiwa ni kawaida. "Mjomba, mimi niko sawa," akanipigia simu kwa furaha. Aliyemwambia hivyo hakusema uongo.

Lakini tuangalie vizuri. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Makambako nayo iko nyanda za juu. Huko hewa ni nyepesi, na mwili hujibu kwa kutengeneza chembe nyekundu nyingi zaidi. Ndiyo maana shirika hilohilo linaelekeza mpaka upandishwe kwa wakazi wa nyanda za juu. Kawaida ya Tanga si kawaida ya Njombe.

Tena presha yenyewe hugusa damu. Ikikaa miaka bila kudhibitiwa huumiza figo, na figo ndizo zinazotoa homoni inayouamuru uboho utengeneze chembe nyekundu. Figo zikichoka, damu hushuka taratibu. Baadhi ya dawa za presha nazo huweza kuishusha kidogo. Na pengine chanzo ni kingine kabisa, kama kidonda cha tumbo kinachovuja. Kushuka kwa namba hakutaji ugonjwa, ila kunadai swali liulizwe. Mtu akitoka 16 hadi 13 huku kila karatasi ikisema kawaida, swali hilo halitaulizwa na yeyote.

Georges Canguilhem, mwanafalsafa wa Ufaransa aliyesomea pia udaktari, alitetea mwaka 1943 kwamba wastani wa watu wengi hauwezi peke yake kutuambia nani mgonjwa. Kila mtu ana kawaida yake, na mgonjwa ndiye wa kwanza kuhisi imevunjika. Nakubaliana naye nusu. Presha inampinga katika nusu ya pili, kwa sababu mara nyingi mwenye nayo hahisi chochote. Mjomba analima, anacheka, anapanda baiskeli. Tukisubiri ahisi, tutachelewa. Namba tunaihitaji, ila ilinganishwe na namba yake mwenyewe ya jana.

Hapo ndipo suala la kitabibu linapogeuka kuwa la kimaadili. Ili mtu alinganishwe na nafsi yake, lazima historia yake iwepo. Kwetu, mara nyingi historia hiyo hukaa kwenye daftari la shule lenye jalada lililochakaa, ambalo mgonjwa hulibeba kutoka zahanati hadi hospitali. Najua foleni ni ndefu na muuguzi ni mmoja. Hata hivyo, kuandika namba yenyewe badala ya neno "kawaida" ni kazi ya sekunde chache. Neno hilo linamwambia mgonjwa kwamba anafanana na wengine. Namba inamwachia ushahidi juu ya mwili wake, ushahidi ambao daktari wa kesho, asiyemjua kabisa, ataweza kuusoma.

Naona hilo ni deni, wala si hisani. Damu ilitoka kwenye mkono wake. Alichosema mkono huo ni mali yake.