Shamba la Marehemu Haliuzwi na Mmoja

Katika sheria ya Kiislamu, ardhi ya marehemu huwa ya warithi wote tangu anapokata roho. Baada ya gharama za maziko, madeni na wasia usiozidi theluthi, kila mmoja ana fungu lake kama lilivyopangwa katika Sura An-Nisaa. Akiacha mtoto mmoja wa kiume na wawili wa kike bila mrithi mwingine, kijana ana nusu na kila binti robo. Lakini kijana ndiye abakiye nyumbani na hati, na majirani humwona ndiye mwenye mali.

Huyo ndiye huuza shamba zima kwa karatasi ya daftari yenye sahihi za mashahidi wawili. Bei ya ardhi ikipanda, yeye au mwanawe huleta mnunuzi mwingine, safari hii kwa muhuri wa serikali ya mtaa. Wa pili anaikuta minazi ya wa kwanza imeshaanza kuzaa, na kesi inaanza.

Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi wa pwani, kuuza mali ya mtu bila idhini yake ni batili. Kaka aliuza nusu yake tu. Robo mbili za dada zake zingali zao. Nusu ile ikiuzwa tena, hakuna kilichouzwa, kwani Mtume (s.a.w.) alimkataza sahaba wake Hakim bin Hizam kuuza asichokuwa nacho. Mnunuzi aliyedanganywa humdai muuzaji fedha zake. Aliyenunua huku akijua ameshiriki dhuluma.

Mahakamani hushinda mwenye ushahidi. Mtume alionya kwamba yeye ni binadamu, huhukumu kwa anachosikia, na atakayepewa haki ya nduguye kwa ufasaha wa maneno amekatiwa kipande cha moto. Hukumu humaliza kesi, haihalalishi shamba.

Arwa binti Uwais alimshtaki sahaba Said bin Zayd kwa Marwan, gavana wa Madina, akidai amemega ardhi yake. Said alijibu kuwa hawezi, naye amemsikia Mtume akisema adhulumuye shubiri moja ya ardhi atavishwa shingoni ardhi saba. Akamwachia ardhi, akamwapiza ikiwa anasema uongo. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Arwa alipofuka, akawa anapapasa kuta, hata akatumbukia kisimani katika ardhi ileile, na humo akafa.

Anayetaka kununua ardhi ya mirathi na awaone kwanza warithi wote, pamoja na dada walioolewa mbali, kabla hajahesabu noti.