Santuri Tuzipendazo na Santuri Zilizo Bora

Wapenzi wa muziki wakikutana, haupiti muda mrefu kabla mmoja wao hajawataka wenzake wataje albamu kumi zilizo bora za muongo wa 1970. Kila mtu hutaja zake kwa uhakika wa hakimu. Swali letu ni hili: je, tunayo haki ya kulitumia neno hilo "bora"?

Kiswahili kimetutenganishia mambo mawili. Kupenda ni habari ya yule apendaye. Ubora ni habari ya kitu chenyewe. Asemaye "naipenda" hamdhulumu mtu. Asemaye "ni bora" amekwisha kuhukumu, na hukumu ya haki hudai kwamba wote wamesikilizwa.

Ni nani, basi, waliosikilizwa? Katika Afrika Mashariki ya wakati ule albamu haikuwa chombo cha kawaida cha bendi. Iliyonunuliwa sana ni santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika, ambamo wimbo mmoja mrefu ulikatwa vipande viwili, mara nyingi maneno upande wa kwanza na magitaa upande wa pili. (Mvivu wa kuigeuza santuri aliikosa nusu iliyo tamu zaidi.) Mbaraka Mwinshehe, aliyepiga muziki Osaka, Japani, katika maonyesho ya dunia ya 1970 na kufariki kwa ajali ya gari mwaka 1979, anajulikana leo kwa albamu ziitwazo Ukumbusho, ambazo ni mikusanyo iliyotolewa baada ya kifo chake. Mwenye kudai albamu za muongo ule tu atamwacha nje mtu ambaye muongo wenyewe ulimwimba.

Bendi za Tanzania zilikuwa na shida kubwa zaidi. Zilirekodi katika studio ya Radio Tanzania, lakini santuri zilifyatuliwa Nairobi, na mpaka wa nchi hizo mbili ulifungwa tangu 1977 hadi 1983. Nyimbo nyingi zikabaki katika kanda za redio. Wakati huo huo Tabu Ley Rochereau alikuwa amekwisha kupiga Olympia, Paris, mwaka 1970, na onyesho lake likatolewa katika santuri.

Yupo atakayesema kwamba huu ni mchezo tu wa barazani. Hatukubali. Orodha hunakiliwa, mtangazaji huifuata, mwenye kutoa upya nyimbo za zamani huifuata, na mwanafunzi wetu huirithi akidhani ndiyo historia.

Hata hivyo hatusemi watu wasichague. Sisi tungeanza na "Sina Makosa" ya Les Wanyika, ya mwishoni mwa muongo huo, kwa ajili ya gitaa lake la kati lisilochoka. Si albamu. Tena wanamuziki wale, wengi wao Watanzania, walikuwa wakiishi Nairobi, karibu na mitambo ya kufyatulia santuri. Pengine ndiyo sababu tuliwasikia. Orodha yetu ina nyimbo saba. Nafasi tatu tumeziacha tupu kwa ajili ya kanda zile za redio.