Sufuria ya mgonjwa ni ya nani?

Suala la wiki hii nimeulizwa mara nyingi na watu mbalimbali, kila mmoja kwa maneno yake, lakini maana ikawa moja. Nyumba ina watu wanane. Mmoja ana kisukari, saba ni wazima. Je, ni haki chakula cha nyumba nzima kibadilike kwa ajili ya yule mmoja? Au yeye ndiye ajizuie, na wengine waendelee kula walivyozoea?

Wapo watakaosema hili ni jambo la jikoni, halina nafasi katika safu hii. Mimi naona ni jambo la haki za watu, na haki za watu ndizo tutakazoulizwa. Tena si jambo la nyumba chache. Shirikisho la Kisukari la Kimataifa lilikadiria kuwa mwaka 2024 duniani kulikuwa na watu wazima milioni 589 wenye maradhi haya, wengi wao wakiwa na kisukari cha aina ya pili, kile ambacho chakula na uzito wa mwili vina mkono mkubwa ndani yake. Katika mitaa yetu ya mjini ni vigumu kumpata mtu ambaye hana mama, mjomba, shemeji au jirani anayemeza vidonge vya sukari.

Utaratibu wa nyumba nyingi unafahamika. Mgonjwa akirudi kliniki na karatasi yake ya masharti, anatengewa kisufuria. Anapikiwa ugali wa dona na mchicha uliochemshwa, wakati mwingine hauna hata kitunguu, kana kwamba daktari amekataza ladha. Wenzake wamezunguka sinia la wali wa nazi, yeye yuko pembeni na bakuli lake. Wiki ya kwanza anavumilia, ya pili anaonja, na kufika mwezi amerudi kwenye sinia, na nyumba nzima inasema, "Mzee huyu hasikii!"

Hasikii, au amechoka kutengwa? Kwetu sisi kula pamoja si kushiba tu. Sinia ndipo watoto wanapofundishwa kusema Bismillahi, kula kwa mkono wa kulia na kula cha mbele yao. Kumwondoa mtu kwenye sinia ni kumwambia, bila ya kutamka, kwamba yeye sasa ni wa upande mwingine. Na katika Suratun-Nur, aya ya 61, Allah (s.w.) amemtaja mgonjwa kwa jina lake hilo la ugonjwa, pamoja na kipofu na kiguru, katika kuondoa uzito juu ya watu kula majumbani, wawe pamoja au mbalimbali. Wafasiri wameeleza sababu zaidi ya moja ya kushuka kwake, na miongoni mwa waliyoyaeleza ni kwamba watu walikuwa wakiona vibaya kula na watu wa aina hiyo, au wenyewe wakijitenga. Basi tusirudishe uzito ambao umekwisha kuondolewa.

Lakini hapa hoja ya upande wa pili inasimama, nayo ni nzito. Huyu mzima amekosa nini? Allah amemhalalishia wali na tende na halua. Kwa nini ufungwe mlango wa halali juu ya watu saba kwa maradhi ya mmoja?

Jibu langu naliegemeza kwenye kisa kilichopokewa na Abu Daud na Tirmidhi, kisa cha Ummul Mundhir, mwanamke wa Kiansari. Mtume (s.a.w.) alimtembelea nyumbani kwake akiwa pamoja na Ali (r.a.), ambaye ndiyo kwanza anapata nafuu ya maradhi. Mlikuwa na mashada ya tende yametundikwa. Mtume (s.a.w.) akala, na Ali naye akataka kula, lakini Mtume akamzuia kwa kuwa alikuwa bado dhaifu. Ummul Mundhir akapika shayiri pamoja na mboga ya majani, na hapo Mtume akamwambia Ali ale katika hicho, kwani kinamfaa zaidi.

Tazama mambo yaliyomo. Mtume (s.a.w.) hakuharamishiwa tende kwa sababu Ali mgonjwa, na hilo linawapa haki wale wenye hoja ya pili. Lakini pia Ali hakuachwa na katazo tupu. Alipozuiwa kimoja kikapatikana kingine, kimepikwa, tena pale pale walipo. Wala haikusemwa kwa kunong'ona. Mgonjwa alielezwa mbele ya mwenye nyumba, na mwenye nyumba hakuona amedharauliwa. Sisi tumechukua nusu moja tu ya kisa, ile ya kukataza, tukaiacha ile ya kupika.

Nami naongeza hili. Tende zile zilikuwa kitu kimoja katika maakuli ya nyumba. Kwetu karibu sinia lote ni tende. Wali mwingi, viazi ndani ya wali, mkate pembeni, chai yenye vijiko vitatu vya sukari, na soda ya kuteremshia. Hapo ukimwambia mgonjwa ale kinachobaki, kinachobaki ni pilipili.

Ndiyo maana nasema sinia lenyewe ndilo libadilike, siyo mgonjwa ahame. Na kubadilika huko hakumharamishii mzima kitu. Wataalamu wa lishe wanaeleza kwa mfano wa sahani: nusu yake mboga, robo wanga, na robo iliyobaki samaki, kuku, maharage, au kunde. Hiki si chakula cha hospitali. Matembele, bamia, nyanya chungu, kisamvu, choroko, dagaa, samaki wa kuchoma mwenye ndimu na kitunguu saumu, ni vitu vya Kariakoo na Buguruni kila siku. Wali hautolewi, unapunguzwa. Nazi haifukuzwi, linapikwa tui jepesi. Dona ina pumba na kiini ambavyo sembe imevuliwa, na nyuzinyuzi zake zinachelewesha sukari kuingia katika damu, ingawa dona nayo ikijazwa mlima bado ni wanga. Chungwa linaliwa zima badala ya kukamuliwa, kwa sababu glasi moja ya juisi ni sukari ya machungwa kadhaa bila ya nyama zake. Na viungo vyetu, bizari, mdalasini, tangawizi, iliki, havina ugomvi na kisukari hata kidogo. Kwa hiyo ule mchicha usio na ladha ni uvivu wetu, tusimsingizie daktari.

Kwa mzima, chakula hiki ni kinga. Watoto wa mwenye kisukari cha aina ya pili wako katika hatari zaidi ya kukipata wenyewe. Anayedhani anapika kwa ajili ya mmoja huenda anapika kwa ajili ya wanne.

Kuna hoja nyingine naisikia misikitini, nayo inanisikitisha zaidi. "Hii asali, hii tende, ni sunna, haidhuru." Ndugu zangu, asali imetajwa kuwa na ponyo, na sisi tunaamini. Lakini asali ni sukari, na damu ya mwenye kisukari inapanda akinywa asali kama inavyopanda akila sukari ya dukani. Ali (r.a.) alizuiwa tende na Mtume mwenyewe (s.a.w.)! Je, tutadai tunaijua sunna kuliko mwenye sunna? Kadhalika katika Ramadhani. Mwenye kutumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari aonane na daktari kabla ya mwezi kuingia. Na akiwa amefunga, sukari ikashuka chini ya 3.9 kwenye kipimo, afungue hapo hapo na apewe kitu kitamu, kwani wakati huo sukari ndiyo dawa yake. Ruhusa ya mgonjwa imo ndani ya Qur'an, haikuletwa na daktari.

Sasa, mzigo huu uko juu ya nani? Kliniki wanamgeukia mke: "Unampikia nini?" Swali hilo lina kasoro. Wanachuoni wengi wa madh-hebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu pwani hii, hawakuona kupika kuwa ni wajibu wa kisheria wa mke. Wanawake wetu wanapika kwa hisani na mazoea mema. Anayewajibika kwa matumizi ni mume, na ndiye anayerudi jioni na kilo mbili za sukari na mafuta ya kukaangia, hana fungu hata moja la mboga. Halafu anataka mpishi afanye muujiza. Mabadiliko yaanzie kwenye kikapu. Na mgonjwa naye ana sehemu ambayo hakuna wa kumbebea. Mke hawezi kumfuata hadi kijiweni kuhesabu soda na vitumbua.

Limebaki la shughulini. Kwenye maulidi, hitima na walima, mtu anayekataa huandamwa: "Kula bwana, kidogo tu, hakikuui." Tunamlazimisha atangaze maradhi yake mbele ya hadhara au ale kinachomdhuru, na tunaita takrima. Mtume (s.a.w.) alikuwa akikipenda chakula hukila, asipokipenda hukiacha, na hakukitia kasoro. Kuacha kula, basi, si kumtusi mwenye shughuli. Mwenye shughuli aweke maji mezani pamoja na sharubati, na kachumbari ya kutosha pamoja na pilau. Akimwona mgeni ameacha kaimati, amuulize kama aongezwe samaki, kisha wazungumze mambo mengine.