Shetani Hakushika Panga Lile
Somo: Nehemia 2:11–18, 3:1–32, 5:1–13

 

Jumapili ijayo, baada ya ibada, tutaketi kuchagua kamati ya kujenga darasa la watoto wa chekechea. Mawe yameshaanza kuletwa. Ndugu mmoja aliniuliza wiki hii, "Mchungaji, msingi tunachimba lini?" Nikamwambia tunachimba Jumapili, na hatutahitaji jembe. Alicheka. Lakini mimi sikuwa natania, na leo nitawaeleza kwa nini. Ni habari inayoniaibisha, ila naona afadhali niaibike mimi mbele yenu kuliko kazi ya Bwana iaibike mbele ya Wusi nzima.

Nilipokuwa mchanga katika huduma niliweka moyoni kuleta maji kanisani kutoka kwenye chemchemi iliyo juu yetu. Nilifunga siku tatu. Sadaka ikachangwa, tukanunua paipu. Kamati yangu ilikuwa vijana watatu wa kwaya, na niliwachagua kwa sababu moja tu: hawakuwa wananipinga. Tulichimba mtaro, tukafukia paipu, maji yakafika. Akina mama walipiga vigelegele, nami nikahubiri juu ya mwamba wa Horebu.

Maji yalitiririka siku tisa. Asubuhi ya kumi tukakuta paipu imekatwa mahali patatu. Tukaunganisha. Ikakatwa tena. Basi nikaitisha kesha. Tulimkemea Sanbalati, tukamkemea Tobia, tukamfunga kila adui wa kazi ya Mungu mpaka sauti zikakauka.

Kulipopambazuka, mama mmoja mzee wa huko chini bondeni akapanda mpaka mlangoni kwangu. Hakuwa wa kanisa letu. Akaniambia, "Mchungaji, mwanangu, nasikia usiku kucha mmemkemea shetani. Shetani hakushika panga lile. Nililishika mimi."

Wapendwa, nilikosa neno.

Akaendelea, "Ulipofunga maji huko juu, sukuma yangu huku chini ilikauka. Mjukuu wangu sasa anavuka bonde na mtungi kabla ya kwenda shule. Hukuniuliza. Ungeniuliza, ningekuonyesha chemchemi nyingine ambayo hata mwaka wa njaa haikauki."

Nilirudi ndani nikamfungua Nehemia upya. Niligundua kwamba sura ya 4, yenye maadui, nilikuwa naijua kwa moyo. Sura ya 2, ya 3 na ya 5 nilikuwa nazipita mbio. Hebu tuzisome leo polepole.

Kwanza, Nehemia alitembea kabla ya kusema. Alisikia habari za ukuta mwezi wa Kisleu, akaomba mpaka mwezi wa Nisani ndipo akasimama mbele ya mfalme. Hiyo ni miezi minne hivi. Alipofika Yerusalemu alikaa siku tatu, kisha akatoka usiku na watu wachache, akaukagua ukuta lango kwa lango. Mimi nilifunga siku tatu, lakini sikutembea hata nusu siku kufuata yale maji yanakoshukia. Maombi hayachukui nafasi ya miguu.

Pili, aliwajua wenye neno katika kazi ile. Aliomba barua kwa watawala wa ng'ambo ya Mto, akaomba barua nyingine kwa Asafu, mtunza msitu wa mfalme, apewe miti. Mtu wa imani, lakini anabeba barua! Mungu aliyemfungulia moyo wa mfalme hakuona barua kuwa ni ukosefu wa imani. Sisi leo tunasema tukishaomba basi, chifu atajionea mwenyewe. Hapana. Sheria ya Maji ya mwaka 2016 inataka kibali kwa anayevuta maji namna ile. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 10, inautaja ushiriki wa wananchi kati ya maadili ya taifa. Na sisi watu wa Taita Taveta hatuhitaji kufundishwa uchungu wa jambo hili. Tangu miaka ya 1950 maji ya Mzima yanapita kwenye bomba katika nchi yetu kuelekea Mombasa, na mpaka leo wapo wetu wanaolitazama bomba lile wakiwa na mtungi mtupu. Huwa tunalalamika, na tuna haki. Kumbe mimi mchungaji nilikuwa nimemfanyia mama yule Mzima ndogo!

Tatu, alimpanga kila mtu mahali panapomhusu. Sura ya 3 tunaiona ni orodha ya majina tu, lakini ndiyo somo lenyewe la kuunda kamati. Kuhani mkuu Eliashibu na ndugu zake wako kwenye Lango la Kondoo. Mfua dhahabu yupo, mtengeneza manukato yupo, Shalumu yupo na binti zake. Tena wengi wamepewa sehemu inayoelekea nyumba zao wenyewe. Nani atalegea akijenga ukuta unaowalinda watoto wake? Hata mitume, Wayahudi wa Kiyunani waliponung'unika kwamba wajane wao wanasahauliwa, kanisa lilichagua watu saba, na majina yote saba ni ya Kiyunani. Yaani walioumia walipewa nafasi mezani. Hawakuitwa waasi.

Nne, alitofautisha adui na aliyeumia. Hapa ndipo nilipoanguka. Sanbalati na Tobia walichukia kwa kuwa amekuja mtu kuwatafutia Israeli heri. Lakini katika sura ya 5 kinatokea kilio kingine, cha ndugu maskini waliokuwa wameweka rehani mashamba yao. Nehemia hakuwaitia kesha la kuwakemea! Alisikiliza, akafikiri, akawaita wakubwa, na mashamba yakarudishwa. Mtu akiinuka kupinga, jiulize: huyu anapoteza nini mradi huu ukifaulu? Kama anapoteza maji yake, huyo si Sanbalati. Huyo ni jirani yako. Na kama hapotezi kitu, ila hataki tu, fanya kama Nehemia kwa wakubwa wa Tekoa waliokataa kuinamisha shingo: iandike, uendelee. Watekoa wengine walijenga sehemu yao, wakaongeza ya pili.

Basi tulianza upya, nami nilianzia chini bondeni, nyumba kwa nyumba. Kamati mpya haikuwa ya kunipendeza. Fundi alikuwa mtu asiyekanyaga kanisani, lakini paipu anaijua. Mweka hazina alikuwa mama wa Kianglikana aliyetunza pesa za chama chake miaka mingi bila shilingi kupotea. Benki ilitaka sahihi za watu watatu, na yangu haikuwemo. Mama yule mzee alituongoza yeye mwenyewe hadi kwenye chemchemi yake. Tukakubaliana, tukaandika: maji mengine yaachwe yashuke mtoni, mfereji wa kwanza uwekwe chini bondeni, wa kanisa uwe wa mwisho.

Mazungumzo yalichukua miezi saba. Nilichoka, tena kuna siku nilinung'unika. Lakini siku ya kuchimba mtaro walikuja watu nisiowaita. Paipu ile imepasuka mara nyingi tangu hapo, ila haijakatwa tena. Mama yule alilala katika kanisa lake, na tulipomzika, chai ya waombolezaji ilipikwa kwa maji ya mfereji ule.

Ukuta wa Yerusalemu ulimalizika kwa siku 52. Tunazishangaa hizo 52, tunasahau miezi ya maombi, barua na ile safari ya usiku.

Kwa hiyo Jumapili ijayo sitaki kusikia tu nani anapendwa. Nataka tuulize hivi. Lori la mchanga litapita shamba la nani? Mzazi asiye na karo atasikilizwa na nani? Elimu ya chekechea iko chini ya kaunti. Nani ataenda ofisini kabla hatujachimba? Pesa itashikwa na nani, na nani atamkagua? Na kuna mtu gani hapa Wusi ambaye tukianza bila kumuuliza, tutakuwa tunamchongea panga?

Wiki hii mtembelee huyo mtu. Usiende kumshawishi, nenda ukamsikilize. Na kama ni wewe uliyeumizwa na kazi ya kanisa, tafadhali njoo mlangoni kwangu asubuhi, kama alivyokuja yule mama. Sitakukemea.

Tuombe. Baba, tusamehe tulipomsingizia shetani makosa yetu. Tupe miguu ya kutembea kabla ya kusema, na masikio ya kumsikia aliye chini ya bonde. Utuchagulie watu wa kujenga pamoja nasi, hata wale ambao sisi tusingewachagua. Katika jina la Yesu, amina.