Je, Watu Wasio na Jina Wana Haki ya Kukumbukwa?

Sisi tulio walimu twajua jinsi watoto wa Buhaya wanavyojifunza habari za kale. Aliye hodari husimama mbele ya wenziwe akawataja Bakama kwa taratibu, wa Ihangiro, wa Kiziba, wa Kyamutwara: nani alimzaa nani, nani alimshinda nani. Twamsifu, naye huketi. Lakini siku moja hapa Muleba mtoto mmoja alituuliza, "Mwalimu, na watu je?" Hatukuwa na jawabu. Swali hilo limetukaa moyoni, nasi twataka kulipima pamoja nawe, ndugu msomaji.

Wako wasemao kwamba habari za wanyonge haziwezi kujulikana, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuzihifadhi. Hoja hii ina nguvu. Hata kitabu cha F. X. Lwamgira, kilichopigwa chapa mwaka 1949, chatuambia kwa jina lake kwamba ni habari za Kiziba na Bakama wake. Ngoma ya ikulu ilikuwa na mlinzi, bali jembe la mkulima likiisha makali hutupwa.

Walakini, twende Katuruka, karibu na Maruku. Wazee husimulia kwamba mahali paitwapo Kaiija, maana yake mahali pa kufulia chuma, Mukama Rugomora Mahe alijenga mnara wa chuma ili afike mbinguni. Katika miaka ya 1969 na 1970 mtaalamu Peter Schmidt aliwasikiliza wazee hao, akachimba. Akaona kweli kazi ya chuma, lakini ya zamani mno kuliko Rugomora: ya watu waliokuwako yapata miaka 2000 iliyopita. Waliacha vigae vya vyungu, makaa, na mavi ya chuma. Baadaye, katika miaka ya 1970, wazee wa Kihaya waliijenga tena tanuri ya mababu kwa udongo wa kichuguu, wakatia mafunjo yaliyochomwa, wakavukuta hewa kwa mirija ya udongo, na chuma kikapatikana. Basi, jina lililobaki ni la Mukama, lakini kazi iliyobaki ni ya wahunzi. Nchi yenyewe iliwahifadhi wale ambao midomo haikuwataja. Asiseme mtu tena kwamba haiwezekani.

Iko hoja ya pili, nayo ni nzito zaidi: huenda yawezekana, lakini je, yafaa? Tuliwaagiza wanafunzi waulize nyumbani jinsi wazee wao walivyoishi. Mmoja alirudi na daftari tupu. Tulimkaripia mbele ya wenziwe. Jioni alitufuata peke yake akasema kwamba babu wa baba yake alikuwa mtwarwa, na baba amekataza jambo hilo lisitajwe. Twaungama kwamba tuliona haya.

Wajua, msomaji, nyarubanja ilivyokuwa. Mukama alimpa ndugu yake au kipenzi chake ardhi pamoja na watu waliomo. Na mtu aliyekuwa akila ndizi za kibanja cha baba yake akawa mtwarwa, mwenye kutoa pombe, ndizi na kazi ya mikono kwa bwana. Sheria ya mwaka 1965 ilifungua njia ya kuikomesha, lakini sheria haifuti haya. Husemwa, mwacha asili ni mtumwa. Je, yule ambaye asili yake ni utwarwa, aishike au aiache?

Twakumbuka wakulima wa Montaillou, kijiji cha Ufaransa. Twajua maneno yao ya kila siku kwa kuwa Askofu Jacques Fournier aliwahoji katika baraza la kuhukumu imani, kati ya mwaka 1318 na 1325. Waliingia katika maandishi kwa kuwa walishtakiwa. Basi mnyonge kuulizwa si lazima iwe heshima. Yaweza kuwa hukumu nyingine. Nasi darasani tulifanana na hakimu.

Kwa hiyo twaona hivi. Kuijua hali ya batwarwa, mizigo waliyoichukua na migomba waliyoipanda, ni wajibu wetu sote, maana twala matunda ya jasho lao. Lakini kutaja kwamba nyumba hii au ile ilitoka kwao ni haki ya nyumba hiyo peke yake. Na haya si ya aliyebeba mzigo. Ni ya aliyeutwika.

Mwanafunzi yule hatukumwomba daftari tena. Tuliwaambia wote waandike jinsi kibanja kinavyolimwa, na ni nani aliyewafundisha kukilima. Naye aliandika kurasa nne.