Gari Nisilolimaliza



Miaka mitatu sasa Chaser yangu imekaa uani. Nimeishusha, nimeipiga rangi, nimetoa injini ya awali nikaweka 1JZ ya turbo. Nyaya bado zinaning'inia. Sasa naiuza. Nilijumlisha risiti: milioni 14. Nikataka hizo hizo. Fundi akacheka: "Mdogo wangu, mteja hanunui ndoto zako. Ananunua gari lisilotembea."

Nikashusha hadi tisa, akapatikana mteja. Alikagua injini tu. Chini ya rangi mpya, kwenye chesisi, kuna kutu. Nilinyamaza. Nikajiambia: si nimeshapata hasara?

Usiku, nikitafiti dhamiri kabla ya kitubio, amri ya saba ikanisimamia. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba muuzaji analazimika kueleza kasoro iliyojificha inayoweza kumletea mnunuzi hasara au hatari. Hasara yangu ni ya yule mjenzi wa mnara katika Luka 14: sikupiga hesabu mwanzoni. Kwa nini ailipe mwingine?

Asubuhi nikampigia, nikamwambia yote. Kasema atafikiria. Bado nasubiri simu yake, ila Baba Yetu naisali bila kuruka neno.