Haki ya Giza

Mtu aupendaye mmea wake huupa maji, huupa mbolea, huuweka pahala penye mwanga. Aghalabu wanadamu huamini kwamba kupenda ni kutoa, na anayezidi kutoa amezidi kupenda.

Lakini uko mmea wa jamii ya dungusi, ufugwao madirishani Ulaya na Marekani, ambao huipinga imani hiyo. Waingereza huuita dungusi la Krismasi, kwani kwao huchanua baina ya Novemba na Januari, wakati bustani zimelala kwa baridi. Majani hauna, una pingili bapa za kijani zilizoungana mithili ya mkufu, na nchani mwake hutoka maua mekundu au ya waridi. Mwenye huba nyingi huuweka sebuleni chini ya taa, ukakesha naye hadi usiku wa manane. Mmea hunawiri, pingili huzidi, na ua halitoki.

Sababu yajulikana. Mmea huu huhesabu giza. Ili utunge matumba, wahitaji usiku usiokatika wa muda wa saa 13 hivi, kwa wiki sita au zaidi, pamoja na ubaridi wa kadiri na maji machache. Taa ikiwashwa usiku wa kati, hesabu huvurugika.

Je, kunyima nako ni kulea? Wengi watafurahi kujibu ndiyo, na si wote wenye nia njema. Baba amfungiaye mwanawe ndani, mwalimu wa bakora, mtawala azimaye kauli za raia, kila mmoja husema: subirini, giza hili litazaa ua. Hoja hiyo ni tamu, na dungusi husingiziwa.

Asili ya mmea huu ni milima ya Serra dos Órgãos, karibu na Rio de Janeiro, nchini Brazil. Huko huota juu ya magome ya miti na katika nyufa za miamba, penye kivuli na unyevu. Kusini ya ikweta usiku huanza kuushinda mchana mwezi wa Machi, na ua hutoka mwezi wa Mei au karibu yake. Ndiyo maana Wabrazil huliita ua la Mei. Ulipovushwa bahari hadi Ulaya, mwanzoni mwa karne ya 19, haukuishikilia kalenda ya kwao. Uliusoma usiku wa ugenini, ukachanua Desemba. Aliyekuja kuukosesha usiku ni mwenye taa. Basi aufunikaye kwa kitambaa kizito jioni hanyimi kitu. Arudisha kile ambacho nyumba yake ilikipora.

Na yule mtoto aliyefungiwa ndani, nani alikuwa amempokonya giza hata arudishiwe? Tena mmea hauna ulimi, na mfugaji hana budi kukisia haja yake kwa kuijua asili yake. Mwana wa Adamu anao. Anayemkisia pasi na kumuuliza hana udhuru huo.

Hata mfugaji mwema hujikwaa mwishoni. Matumba yakishajitokeza, furaha humjaa, akakihamisha chungu kutoka dirishani hadi meza ya barazani, wageni wapate kukiona. Hazipiti siku nyingi, matumba yakaanza kupukutika, moja baada ya jingine, juu ya kitambaa cheupe cha meza.